"Siwezi kuoa mama ntilie!"

Mwezi huu nilipanga kuzungumzia wanaume wanaolala na simu chini ya mto, lakini mada hiyo haiozi, tutairudia. Kuna barua imenifikia ambayo nimeisoma mara tatu, na kwa ruhusa ya mwenyewe naileta hapa, nikiwa nimeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha.

Ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Geita. Amesomea upishi na hoteli kule Arusha, akafanya kazi Mwanza kwenye hoteli moja, sasa amerudi nyumbani. Ana mambo mawili mkononi. La kwanza ni mkataba wa kupika kambini kwenye mgodi mmoja mkubwa: kazi ya zamu, mshahara unaingia benki, bima ya afya ipo. La pili ni ndoto yake ya tangu chuoni. Anataka kufungua mgahawa msafi, wenye vitambaa mezani, wa vyakula vya kwetu. Michembe kwa karanga, nsansa, mlenda, ugali wa mtama na wa muhogo, sato wa ziwani, kuku wa kienyeji, maziwa ya mgando. Na si kupika tu: anataka kununua kwa watu wa jirani, kufuata msimu, asitupe chakula, asimalize miti kwa mkaa.

Mchumba wake, ambaye ni fundi mgodini, alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu hivi: "Mimi siwezi kuoa mama ntilie." Akaongeza kuwa ng'ombe za mahari ameshaanza kuzitafuta, asimfanye achekwe na wenzake.

Sasa mdogo wangu, kabla sijakujibu wewe wala kumjibu yeye, nikupe kwanza habari za watu wawili ambao njia unayoitaka walishaipita.

Kule Ireland kulikuwa na mama mmoja anaitwa Myrtle Allen, aliyezaliwa mwaka 1924. Mwaka 1943 aliolewa na mkulima, Ivan, na mwaka 1947 wakanunua jumba kuukuu lenye shamba, Ballymaloe, katika eneo la Cork. Wakazaa watoto sita. Mnajua nini? Huyu mama alipoolewa, kupika kwenyewe kulikuwa kunampiga chenga. Mwenye mapenzi na chakula kizuri alikuwa mume, na mume ndiye aliyemtia moyo ajifunze. (Akina kaka mnaosoma jarida la dada zenu kwa kuibia, hapo pigieni mstari.) Akajifunza, akawa anaandika mapishi kwenye gazeti la wakulima, na mwaka 1964, akiwa na miaka 40, akafungua chumba chake cha kulia chakula kwa wateja wa kulipa. Humo humo nyumbani kwake.

Muelewe nchi yenyewe ilivyokuwa. Ireland ni watu wa viazi mviringo. Kati ya mwaka 1845 na 1852 ugonjwa uliozesha viazi mashambani, wakafa watu wapatao milioni moja kwa njaa na maradhi, na wengine kama hao wakapanda meli kwenda Marekani na kwingine. Hata miaka mia moja baadaye, mgahawa wa heshima ulikuwa ule unaopika Kifaransa. Chakula cha shambani kilikuwa cha kula ndani, mlango umefungwa, si cha kumwekea mgeni anayelipa. Myrtle akafanya kinyume. Menyu aliiandika upya kila siku kulingana na kilichoiva shambani na samaki walioletwa na wavuvi wa kijiji cha jirani, Ballycotton. Kikiwa hakipo, hakipo. Hakuomba radhi, hakutafuta cha kopo.

Mwaka 1975 akapewa nyota ya Michelin. Nyota hizo hutolewa na kampuni ya Ufaransa inayotengeneza matairi (ndiyo, matairi hayohayo unayoyajua), na wapishi wa dunia nzima wanazililia. Mwaka 1977 akatoa kitabu chake cha mapishi. Msichana mmoja aliyekuja kufanya kazi jikoni kwake, Darina, akaolewa na mwanawe, na mwaka 1983 huyo mkwe akafungua shule ya upishi karibu na hapo, ambayo watu wanatoka mabara mengine kwenda kusoma. Myrtle alifariki mwaka 2018, ana miaka 94. Siku hizi Ireland mpishi akisema anapika chakula cha nchi yake, kwa msimu wake, kutoka kwa wakulima anaowajua kwa majina, anaonekana mjanja wa mjini. Njia ilichimbwa na mke wa mkulima, chumbani kwake.

Huyo ni wa mbali na ni mzungu, najua mtasema. Haya, wa pili yuko hapa hapa. Malori mnayoyaona kila siku yakipita Isaka na Kahama kuelekea Rusumo, mengi yanaenda Kigali. Na Kigali yupo mpishi anaitwa Dieuveil Malonga. Kwao ni Congo Brazzaville. Alipoteza wazazi akiwa mdogo, bibi yake akamlea, kisha akapelekwa Ujerumani. Huko ndiko alikosomea upishi na kufanya kazi kwenye majiko ya nyota. Mwaka 2014 aliingia kwenye lile shindano la wapishi la televisheni ya Ufaransa, Top Chef. Angeweza kubaki Ulaya akila kuku kwa mrija. Badala yake akaanza kuzunguka Afrika, nchi baada ya nchi, akikaa jikoni na bibi za watu, akiwauliza wanakausha vipi, wanachachusha vipi, jani hili linaitwaje. Mwaka 2020 akafungua mgahawa wake Kigali, Meza Malonga. Meza, kwa Kiswahili chetu! Watu wanapanda ndege kwenda kula pale.

Nimewataja hawa si kwa sababu ya nyota na ndege. Hapa Geita nyota ya Michelin haiji, tusidanganyane. Nimewataja kwa sababu wote wawili walikwenda kujifunza kwa watu ambao hakuna aliyekuwa anawaita wapishi.

Na sisi tunao, tena wengi. Hebu niwaulize wasomaji wa mjini, mchembe unajua unavyotengenezwa? Viazi vitamu vikishavunwa, mvua ikiwa imekatika, mama anakaa na wenzake wanamenya, wanakata vipande vyembamba, wanavianika juu ya mwamba au turubai mpaka vinakauka kau. Hiyo ndiyo michembe. Ukivichemsha kwanza ndipo ukakata na kuanika, unapata matobolwa, na hayo mtoto anatafuna kama pipi akitoka shule. Majani ya kunde nayo yanakaushwa, yanakuwa nsansa, unayapika kwa karanga mwezi ambao bustani zote ni vumbi. Hakuna friji hapo. Hakuna mkaa wala umeme uliotumika kuhifadhi. Jua tu, na mikono ya wanawake. Wataalamu wanaandika vitabu juu ya chakula kisichoharibu mazingira, wakati bibi yangu alikuwa nacho kwenye kilindo, na sisi wajukuu tulikuwa tunakificha wageni wakija, tunakimbilia dukani kununua tambi. Mpaka leo ukienda harusini Shinyanga utakuta pilau, chipsi, kuku wa kisasa na saladi iliyolegea. Michembe haipo. Michembe iko nyumbani kwa bibi harusi, kwenye ndoo, imefunikwa.

Tena mkoa wetu una somo lake la kutunza. Wazee wanakumbuka Shinyanga ilivyokuwa kipara. Miti ilifyekwa tangu enzi za mkoloni, eti kuwamaliza mbung'o, kisha pamba na mifugo vikamalizia. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na kilichofanya kazi si mti wa kigeni, ni ngitili: ule utaratibu wa Wasukuma wa kulifunga eneo la malisho wakati wa mvua, likapumzika, likafunguliwa kiangazi. Hadi mradi unafungwa mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimerudi kwenye mamia ya maelfu ya hekta. Na humo ndimo zinamotoka asali, uyoga, ukwaju na mboga za porini. Kwa hiyo mdogo wangu ukisema unataka kupika kwa kufuata msimu, hujaleta uzungu. Unafanya jikoni kile ambacho babu zako walifanya malishoni.

Lakini sasa tuongee pesa, maana mapenzi ya chakula hayalipi kodi ya fremu.

Tuseme unauza sahani 50 kwa siku, sahani shilingi 3,000. Hiyo ni 150,000. Usicheke kwanza! Hayo ni mauzo, siyo faida. Toa samaki, unga, mafuta, nishati, wasaidizi wawili, pango, maji, leseni, na siku ambayo mvua imenyesha wamekuja watu 11. Wengi wa akina mama ntilie tunaowaona wamechoka pale stendi, si kwamba hawajui kupika. Wanapika vizuri kuliko mimi na wewe. Kinachowaangusha ni kukopesha, na kutokuandika. Wewe umesoma, unajua kupima nyama kwa gramu na kujua sahani moja imekugharimu kiasi gani. Hapo ndipo elimu yako inapokulipa, siyo kwenye kukunja leso ya mezani iwe kama bata.

Nishati nayo iangalie. Mwezi Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Huwezi kujitangaza mpishi wa mazingira halafu nyuma ya jiko kuna magunia kumi ya mkaa. Anza na gesi kwa vya haraka na jiko banifu kwa vya kuchemka. Maharage na makande loweka usiku, utaona moto unavyopungua.

Na kwa kuwa ni Geita, kuna jambo ambalo mpishi wa Cork hakuwa nalo. Wachimbaji wadogo wanakamatisha dhahabu kwa zebaki, na zebaki haiishii kwenye karai. Inaingia kwenye udongo na maji, na kwenye samaki inapanda. Kwa hiyo ukinunua mchicha, usiulize bei tu, uliza umelimwa wapi. Bustani iliyo bondeni chini ya mialo na makarasha, iache hata wakikupa bure. Tafuta mkulima wako, nenda ukaone kisima chake. Mteja wako huenda asijue kamwe kwamba ulifanya hivyo, ila mtoto wake anayekula pale anakuhitaji ufanye.

Je, mkataba wa kambini? Hapa najua baadhi yenu mnasubiri niseme "achana nao, fuata ndoto". Sisemi. Malonga alisimama kwenye majiko ya watu kwa miaka kabla ya kusimama kwenye lake. Kambini utajifunza kupikia mamia ya watu bila mtu kuumwa tumbo, utajifunza stoo, usafi wa chumba cha baridi, na nidhamu ya saa. Utaweka akiba. Kuna na hili: tangu mwaka 2018 zipo kanuni zinazoitaka migodi itangulize bidhaa na huduma za Watanzania. Ukiwa ndani utajua nani ananunua nini, kwa karatasi zipi, na huenda siku moja wewe ndiye ukawa unapeleka karanga, unga wa mtama na matobolwa pale getini, kwa jina la kampuni yako.

Ila usiende ukiamini kuwa mshahara wa mgodi ni wa milele. Wa Kahama wanajua. Buzwagi ilifunguliwa mwaka 2009, na mwaka 2021 ikafunga. Dhahabu ikiisha, kambi inavunjwa na mpishi anarudi na begi lake. Nenda kwa miaka miwili, mitatu, uhesabu, na tarehe ya kutoka uiandike mwenyewe siku unayosaini. Hilo ndilo wazo langu. Kuna mwingine atakuambia vingine, na simgombezi.

Tuje kwa huyu bwana.

Anasema hataki uhudumie wanaume mchana kutwa. Kwani kambini wanaokula ni akina nani, masista? Kambini utawapikia wanaume mamia, na hilo halimkeri, kwa sababu utakuwa na kofia nyeupe na kitambulisho shingoni. Kwa hiyo wivu si wivu. Ni jina. Ni neno "ntilie" linalomchoma, neno lile la watu wanaonyoosha sahani na kusema nitilie.

Na hapa ndipo narudi kwenye mstari mmoja wa barua yako, ambao uliuandika pembeni kabisa kama vile si jambo kubwa. Ulisema mama yake mzazi aliuza uji na wali maharage kwa wachimbaji wa Nyarugusu, na ada yake ya shule mpaka akawa fundi ilitoka kwenye sufuria hilo.

Mdogo wangu, mimi nilipofika hapo niliweka barua chini. Huyu kijana haongei na wewe. Kuna mtoto wa darasa la tano ndani yake ambaye wenzake walimcheka shuleni kwamba mama yake anapiga kelele mialoni "karibu uji!", na mtoto huyo hajapona. Sisemi umwonee huruma mpaka ujisahau. Nasema ujue unashindana na nini. Ukimwambia "hunipendi", mtagombana mwaka mzima na hamtafika popote. Mwulize jambo moja, mkiwa wawili, wakati mzuri: siku mama yake akija harusini, atawaambia wale wenzake wa mgodini kuwa alikuwa anafanya kazi gani? Kisha nyamaza. Nyamaza kabisa, hata kama ukimya utakuwa mrefu.

Akijibu kwa hasira, mpe muda. Akijibu kwa machozi, mpe leso. Akisema "nitawaambia alikuwa mfanyabiashara" huku anaangalia pembeni, basi ujue na wewe siku moja utatafutiwa jina la kukufunika, na hapo ng'ombe za mahari zisubiri kwanza huko zizini. Mume hatakiwi ajue kupika. Ivan wa Myrtle hakufua masufuria, alilima. Lakini mboga zake ndizo zilizowekwa mezani, na alikaa pale pale kwenye nyumba ambayo wageni walikuwa wanaingia na kutoka kula kwa mkewe.

Wakati unasubiri jibu lake, fanya hivi. Usikodi fremu. Mwezi wa saba michembe mipya ikitoka, azima uwani kwa mtu, pika Jumapili moja tu, watu 20, walipe kabla. Vyakula vitano, basi. Andika kila senti iliyotoka na iliyoingia, andika sahani zipi zimerudi zimebaki nusu. Mwezi unaofuata rudia. Baada ya Jumapili nne utakuwa na kitu cha kuonyesha benki, na cha kumwonyesha yeye pia akitaka kuona.

Na kabla ya Jumapili ya kwanza, panda gari uende kwa mama mkwe mtarajiwa. Usiende kushtaki. Nenda na kilo mbili za sukari, umsalimie vizuri, umwambie umekuja kujifunza. Mwulize nsansa yake anaianika siku ngapi, karanga anakaanga au anatwanga mbichi, wali wa watu 60 aliupikaje kwa mafiga matatu usiungue, na waliokopa wakahamia machimbo mengine alikuwa anawafanyaje. Nenda na daftari. Kisha niandikie alichokuambia, maana hilo la wakopaji hata mimi nalihitaji.

Tukutane mwezi ujao, tukijaliwa, na zile simu za chini ya mto.